Bastola ikigoma kufunguka, usiigonge nyundo
Kwa wenye leseni, leo tunaeleza kwa nini bastola ya Glock hugoma kufunguka wakati wa kuisafisha. Mara nyingi kuna hatua imerukwa.

Elekeza mtutu mahali salama. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu, risasi ya chemba itoke. Ukianza na slaidi, magazini itapandisha risasi nyingine. Kagua chemba kwa macho na kidole, kwani hatua inayofuata ni kuvuta triga, na risasi iliyosahaulika huua.

Kisha rudisha slaidi milimita 3 hivi, shusha kishikizo pande zote mbili, isukume mbele. Ukiirudisha mno, triga hujirudi, anza upya. Ikigoma bado, mpelekee fundi mwenye leseni.