Pete, Shaba na Vikope vya Kongwa

Vikope (trakoma) vimewapofusha watu wa Kongwa, mkoani Dodoma, kwa vizazi. Dawa iliyogawiwa kijiji kizima kizima kuvidhibiti ni azithromaisini, ambayo kiini cha molekuli yake ni pete kubwa ya atomu 15. Dawa ilisaidia. Lakini watafiti walipochunguza kinyesi cha watoto baada ya ugawaji, walikuta bakteria wa E. koli wasiotishwa na dawa hiyo wameongezeka ghafla. Miezi sita baadaye walikuwa wamepungua, ila hawakurudi kiwango cha mwanzo. Ndiyo sababu pete za aina nyingine, zilizokumbatia metali katikati (yaani kompleksi), zinastahili kupimwa hapa hapa kama dawa mbadala, na kupimwa kwa ukali.

Kuzitengeneza hakuhitaji mtambo wa mamilioni. Vipande viwili vya kikaboni na chumvi ya shaba huchemshwa pamoja ndani ya ethanoli. Ioni ya shaba huvivuta viizunguke hadi vishikane. Kazi ngumu ni kupima. Kikaratasi cha milimita 6 kilicholowekwa dawa huwekwa juu ya agari iliyopakwa bakteria, asubuhi yake rula hupima duara ambamo hakikuota kitu. Wengi hushangilia hapo, nami naona wanawahi. Duara huweza kupanuka kwa sababu tu dawa inasambaa upesi. Tena shaba yenyewe huua bakteria, bila pete yoyote. Kwa hiyo pete tupu, chumvi tupu na kimumunyisho kitupu lazima vipimwe kando ya kompleksi, la sivyo hatujui nani kaua.

Utaambiwa metali ni sumu. Ni kweli, ikiwa huru. Metali iitwayo gadolini ni hatari ikiwa huru, lakini ikifungwa ndani ya pete hudungwa mshipani kwa wagonjwa wanaopigwa picha za MRI, kisha hutoka na mkojo. Mwaka 2017 Ulaya ilisitisha nyingi za dawa za gadolini zisizo na pete, kwa kuwa ziliachia metali mwilini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bakteria wana pampu za kutema shaba, hivyo usugu utakuja tena. Basi duara la usiku mmoja halitoshi: E. koli waliokwisha kuizoea azithromaisini wakuzwe kizazi baada ya kizazi kwenye dozi ndogo ya kompleksi, na kando yao ziwekwe chembe nyekundu za damu, ionekane nani anapasuka kwanza.