Skrini itueleze nini tunapoandika?

Kikundi kikipata kompyuta, hata ikiwa ya mitumba, kazi ya kwanza huwa ni kupiga chapa kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama. Ukifungua programu ya kuandikia, utaona mstari mwembamba chini kabisa ya skrini, wenye maneno madogo na namba: uko ukurasa wa ngapi, umeandika maneno mangapi, kwa lugha gani. Makatibu wengi hawautazami. Sisi tunaona kuna sababu ya kuutazama.

Hata watengenezaji wa programu hawajawahi kukubaliana mstari huo ubebe nini. Bill Joy wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, alitengeneza programu iitwayo vi mwaka wa 1976. Ndani yake kuna hali mbili. Katika moja, herufi unazobonyeza ni maandishi. Katika nyingine, herufi hizo hizo ni amri, na ukibonyeza d mara mbili mstari mzima unafutika. Na skrini haikukwambia uko hali gani! Haikuwa ujeuri. Joy alikuwa anafanya kazi kwa modemu iliyopitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde, kwa hiyo kila alama ya ziada ilimchelewesha.

WordStar, ya mwisho wa miaka ya 1970, ilifanya kinyume: ilijaza sehemu ya juu ya skrini kwa menyu ya msaada. Mgeni alifurahi, mzoefu akalalamika nafasi imekwisha, basi wakampa njia ya kuipunguza ngazi kwa ngazi. WordPerfect 5.1 ya mwaka 1989 ilibakiza skrini karibu tupu, na pembeni chini ukurasa, mstari na neno Pos. Ukiwasha herufi kubwa, Pos iligeuka POS. Ni ujanja mzuri, lakini lazima mtu akuonyeshe kwanza.

Sasa, kikundi kichague nini? Tunavyoona, jambo linaloweza kuharibu kazi bila wewe kujua lisifichwe. Mfano ni kitufe cha Insert. Katika LibreOffice, ukikigusa kwa bahati mbaya, herufi mpya zinameza za zamani. Unaingiza jina la mwanachama mpya katikati ya orodha ya hisa, kumbe jina la mwenzake linaliwa pole pole, na hisa zake zinabaki chini ya jina lisilo lake. Siku ya kugawana pesa hapo patakuwa na maneno. Mstari wa chini hukuonyesha hali hiyo, na pia una alama ya kuonyesha kama kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Umeme ukipotea, hiyo ndiyo alama utakayoikumbuka.

Katika Word, bonyeza mstari huo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uweke alama kwenye Overtype. Idadi ya maneno iacheni mpaka mwombe msaada kwa mfadhili anayetaka barua isipite maneno fulani.

Katibu mzoefu anaweza kutaka kuuondoa mstari wote ili apate nafasi. Kwa kompyuta yake nyumbani, sawa. Ile ya kikundi inashikwa na mikono mingi, na mweka hazina wa mwaka ujao huenda hajawahi kugusa kipanya.