Zilipendwa na Nani? Wimbo wa Dansi na Kumbukumbu ya Msikilizaji

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuchambua wimbo kama tunavyolichambua shairi. Tunanakili maneno yake, tunatafuta dhamira, ujumbe, matumizi ya lugha na falsafa ya mtunzi, kisha tunafunga daftari. Makala hii haina ugomvi na utaratibu huo. Wengi wetu ndio uliotuvusha mitihani. Hata hivyo, tukifika kwenye wimbo wa dansi, utaratibu huo unaacha nje jambo kubwa, nalo ni kumbukumbu ya yule anayeusikia. Dai letu ni kwamba kumbukumbu hiyo ni sehemu ya maana ya wimbo, na mhakiki hana budi kuishughulikia.

Tuanze na kisa. Katika harusi moja ya ndugu zetu mjini Morogoro, mpiga muziki aliweka "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe. Ukumbi mzima ukasimama, wazee kwa vijana, wakaucheza wimbo wa taabu kwa furaha tele. Shangazi yangu peke yake aliinuka akatoka nje. Nilipomfuata aliniambia, "Mwanangu, huo mimi siuchezi. Ndio uliokuwa ukiimba redioni siku baba watoto aliporudi na bahasha." Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1990, na mumewe alikuwa amepunguzwa kazini. Bahasha ile ndiyo iliyowahamisha kutoka nyumba ya kiwanda, na ndiyo iliyomfanya shangazi aanze kuuza vitumbua.

Mtu wa fani na maudhui atasema upesi: basi, maudhui ya wimbo yamelingana na maisha ya msikilizaji. Sawa, lakini Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, zaidi ya miaka kumi kabla ya bahasha ile. Hakuwa akizungumzia upunguzaji wa wafanyakazi. Tena, kama maudhui ndiyo yaliyomtoa shangazi ukumbini, mbona hayakuwatoa wengine? Maneno yalikuwa yale yale, gitaa lile lile. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila mtu alikuja nacho.

Redio moja kwa wote

Ili tuelewe jinsi wimbo unavyonasa katika maisha ya mtu, inafaa tutazame jinsi ulivyokuwa ukimfikia. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu ya kitaifa, Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo bendi zilirekodi katika studio ya redio, na zile zilizotaka santuri zilitegemea Kenya. Redio ndiyo iliyorekodi, ndiyo iliyohifadhi kanda, na ndiyo iliyoamua wimbo gani upigwe na saa ngapi.

Maana yake ni kwamba msikilizaji hakuuchagua wimbo. Wimbo ulimkuta: akichambua mchele, akinyoa ndevu, au akipokea habari mbaya. Na haukumkuta peke yake, kwani saa ile ile ulikuwa ukiimba kwa jirani, kwa fundi cherehani na kwenye duka la pembeni. Aliyekosa betri alisikilizia dirishani kwa mwenzake huku betri zake zikianikwa juani zipate nguvu kidogo. Kumbukumbu ya aina hii ni ya mtu binafsi na wakati huo huo ni ya mtaa mzima.

Ikaja kanda. Vibanda vya kurekodia vikaenea mijini, na mtu akaweza kupanga nyimbo zake, kuurudisha mmoja mara kumi, na mkanda ukijivuruga akauzungusha kwa kalamu. Baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, redio binafsi zikaanza. Radio One ilikuwa hewani 1994. Vijana wa rap ya Kiswahili wakapata mlango, na muziki ulioitwa baadaye Bongo Fleva ukakua. Leo kijana ana nyimbo zake kwenye simu, na anaweza kusikiliza kitandani bila hata wa kitanda cha jirani kujua. Uhuru umeongezeka, hilo halina ubishi. Lakini wimbo unaouchagua mwenyewe hukukuta ukiwa umejiandaa, na ule wa redio ulikukuta jinsi ulivyo.

Majina nayo yanakumbuka

Ukitaka kukadiria umri wa mpenzi wa dansi usimuulize mwaka wa kuzaliwa. Msikilize anaiitaje bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa 1964. Wa zamani kabisa atasema NUTA Jazz. Wa baadaye atasema JUWATA, mwingine OTTU, na wa karibuni atasema Msondo tu. Kila chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika. Historia ya siasa ya nchi imo ndani ya jina la bendi, na mtu huibeba bila kujua. Angalia pia kwamba Msondo, na vilevile Sikinde la Mlimani Park, ni majina yaliyotoka kwenye ngoma za jadi. Gitaa la umeme lilipewa jina la ngoma, na sasa wapo vijana wanaolijua jina hilo kwa sababu ya gitaa.

Na neno "zilipendwa" je? Tulitazame kisarufi. Kuna -li-, kwamba jambo limepita; kuna -wa ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Zilipendwa na nani? Neno halisemi. Tena linatudanganya, kwa sababu wale waliokuwa wakicheza harusini hawakuwa wakizikumbuka nyimbo zilizopendwa. Walikuwa wakizipenda palepale. Wengine walikuwa hawajazaliwa Mbaraka alipofariki. Neno limezika kitu ambacho bado kinapumua.

Kumbukumbu huongopa

Hapa lazima tujihadhari. Kila mara tunaambiwa kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe na maadili, za siku hizi ni kelele na matusi. Hiyo ni kumbukumbu inayosema, wala si historia. Mchukue Remmy Ongala. Tangu alipofariki Desemba 2010 anatajwa kama mwalimu wa jamii, na ni haki yake. Lakini wimbo wake "Mambo kwa Soksi", uliohimiza kondomu wakati UKIMWI ukiua watu, RTD ilikataa kuupiga. Anayeitwa leo mfano wa maadili aliwahi kuonekana amevuka mpaka wa maadili. Zaidi ya hayo, nyimbo zilikaguliwa kabla ya kwenda hewani, na miaka nayo ikachuja zilizobaki. Tunazifananisha nyimbo zilizopita kwenye chekecheo mbili na nyimbo za leo ambazo hazijapita hata kwenye moja. Huo ni mchezo usio wa haki.

Hata shangazi. Binti yake mkubwa, ambaye siku ile ya bahasha alikuwepo nyumbani, anasema redio yao haikuwa na betri wiki nzima. Anakumbuka kimya. Nani mkweli? Pengine wimbo ulikuwa wa jirani. Pengine ulisikika mwezi mmoja baadaye na shangazi akaupeleka nyuma, ukakae mahali palipokuwa pakiusubiri. Kwa mwanahistoria hilo ni tatizo. Kwa mhakiki wa fasihi ndilo jambo lenyewe: mtu alikuwa na siku isiyo na maneno, akaazima maneno ya marehemu Mbaraka ili aweze kuisema.

Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo. Tunapoandika juu ya wimbo, baada ya dhamira na ujumbe, tuongeze maswali mawili: wimbo huu uliwakuta wapi waliousikia, na wameufanyia nini tangu hapo? Majibu yake hayamo maktaba. Yamo kwa mashangazi na wajomba, na hao hawatungoji. Tuyachukue kwa makini, tukiyapima, tusiyageuze kuwa ushahidi wa yale wasiyoweza kuyashuhudia.

Shangazi alirudi ukumbini wimbo ulipokwisha, akala wali, akatuza. Bibi harusi alikuwa bado anahema kwa kucheza. Yeye naye atausikia "Shida" siku moja, mahali fulani, na ataanza kutabasamu. Tukimwuliza kwa nini, asitupe jibu la mtihani.