Maneno ya Kuonjea

MWALIKO ulikuwa mfupi. Chama kimoja cha wapenzi wa divai chaandaa chakula cha mchana siku ya Jumamosi, katika nyumba ya wageni iliyo kati ya Ruiru na Thika. Divai za nchi za bahari ya Mediterania zitaandamana na vitafunio vya Kihispania viitwavyo tapas, na mwandishi wa ukurasa huu aombwa afike. Nilimjibu mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo, kwamba mimi si mtu wa divai. Tangu chuoni kwa maalim nilifundishwa kuiepuka, na sikusudii kubadili mwendo katika umri huu. Akasema hayo ayajua, lakini haja yake ni nyingine. Wanachama wake ni Wakikuyu, Wakamba, Wahindi na Wazungu wachache, na kila watakapo kueleza ladha ya kilicho kinywani, Kiswahili huwakimbia wote kwa pamoja. Wamefikia kuamini kwamba lugha hii haina maneno ya kazi hiyo.

"Njoo Mzee, utwambie kama ni kweli," alisema.

Shutuma hiyo ndiyo iliyonipandisha gari moshi kutoka Mombasa. Mtu akisema Kiswahili hakina neno la mtambo fulani uliobuniwa jana, nitamwachia. Lakini akisema hakina maneno ya ulimi na kaakaa, lugha iliyolelewa kwa ukwaju, pilipili na tui la nazi, hapo sina budi kufunga safari.

Kutoka Nairobi nilikwenda kwa matatu, kwa ile barabara pana ya Thika iliyokamilishwa mwaka 2012. Msafiri hupita Ruiru upesi mno siku hizi hata asijue amepita wapi. Huu ni mji wa kahawa. Hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa, na hapo ndipo ilipotoka mbegu iitwayo Ruiru 11, waliyopewa wakulima mwaka 1985 kwa kuwa yastahimili maradhi ya chulebuni. Sehemu ya mashamba ya kahawa sasa imegeuka mji mpya wa Tatu City, na katika mji huo kimesimama kiwanda cha Kenya Wine Agencies, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969, na ambayo zamani ilisifika kwa divai yake ya mapapai. Ukiendelea mbele wafika Thika, kwenye mananasi yasiyo ukomo.

Kahawa kupakana na kiwanda cha divai ni jambo lililonichekesha peke yangu garini, na msomaji ataniwia radhi nikilieleza. Neno letu kahawa latokana na Kiarabu, qahwa. Kabla ya buni kujulikana, Waarabu wa kale walilitumia neno hilo hilo kuwa moja katika majina ya divai. Buni ilipokuja, ikarithi jina. Basi mwenzangu wa Mombasa anayekaa barazani jioni na kikombe chake cha kahawa chungu na kipande cha kashata, akimlaani mlevi apitaye njiani, mkononi ameshika jina la kale la kile anachokilaani. Jina tu, lakini. Kilichomo kikombeni ni halali yake.

Nayajua yasemwayo juu ya kukaa kwenye meza ambapo divai yazungushwa, na sikuja kubishana na wanazuoni. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hilo. Alitutengea meza yetu chini ya mti, mimi na mzee mmoja wa madhehebu ya Akorino, mwenye kilemba cheupe kikubwa kuliko changu, aliyealikwa kwa kuwa ndiye mkulima wa mboga zilizopikwa siku ile. Akorino nao hawanywi. Tukaletewa maji ya mananasi katika bilauri ndefu, na wageni wawili walikuja kutuamkia wakidhani sisi ni ndugu wa dini moja. Mzee alicheka, akasema tuache tu, leo ni ndugu.

Sasa tapas. Neno lenyewe, kwa Kihispania, ni kifuniko. Hadithi ipendwayo ni kwamba wenye vilabu vya kule walikuwa wakifunika bilauri ya mteja kwa kipande cha mkate au nyama ili nzi wasiingie, na mteja akila kifuniko chake. Iwe kweli au isiwe kweli, mimi niliikumbuka kawa ya ukindu iliyofunika chakula nyumbani kwa mama yangu, kwa sababu ya nzi hao hao. Vyakula vililetwa katika visahani vidogo vidogo, kila mmoja akidokoa, na kilichonishangaza si ladha bali majina. Waislamu walitawala sehemu za Uhispania tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na waliyoyaacha jikoni hayakufukuzwa pamoja nao. Sahani ya kwanza ilikuwa aceituna, nayo ni zeituni. Ya pili berenjena, nalo ni bilingani letu lile lile. Wali wa manjano ulitiwa azafrán, yaani zafarani. Vidonge vya nyama vilivyofanana na kababu waliviita albóndigas, kutokana na bunduq, kokwa ndogo ya mviringo, na kwa ukoo huo huo twapata bunduki, kwa ajili ya vidonge irushavyo. Kamba wa kukaanga kwa kitunguu thaumu hawakuhitaji tafsiri. Nyama ya nguruwe ilipita mbali nasi.

Nilimweleza haya mzee wa Kikorino, naye akaniuliza swali zuri: "Kwa hivyo hawa wamekula chakula chenu miaka yote hii, na nyinyi hamkujua?" Nikamwambia si chetu sisi wa pwani, sisi na Wahispania tulikopa duka moja.

Hata divai zenyewe hazikukosa alama. Ya kwanza ilitoka Jerez, mji ambao Waarabu waliuita Sharish, na ndipo Waingereza wakapata jina la sheri. (Jerez yaelekea Atlantiki, si Mediterania, lakini waandalizi hawakujali, nami si mlinzi wa mipaka.) Ya pili ilitoka Sisilia, ya tatu Rioja, ya mwisho bonde la Bekaa huko Lebanoni. Na sisi twasema mvinyo kwa sababu Mreno alisema vinho, naye ndiye aliyejenga Fort Jesus tangu mwaka 1593. Na twasema divai kwa sababu Mfaransa alisema du vin.

Basi mwenyekiti akagonga bilauri kwa kijiko na kuniita. Kazi ikaanza. Wao waonje, waeleze kwa Kiswahili chochote walicho nacho, nami nisikilize nitoe neno.

Wa kwanza alikuwa kijana mhudumu, si mwanachama. Aliionja ile nyekundu ya Lebanoni, akakunja uso. "Inafunga mdomo, Mzee. Kama ndizi mbichi." Nikamwambia hilo laitwa ukakasi, na kwetu hata mtoto alijua siku ya kwanza alapo bibo la mkorosho. Wataalamu wasema husababishwa na tanini zilizomo katika maganda na kokwa za zabibu. Mezani pakawa kimya, kisha watu kumi na wawili wakalisema neno kwa pamoja: ukakasi, ukakasi, kama watoto wa chuoni. Sijapata kusikia neno likipokewa hivyo.

Hapo mlango ukafunguka. Ile ya Sisilia ilikuwa na uchachu, wakasema. Nikauliza: uchachu wa ukwaju, au ugwadu wa embe bichi? Wakaonja tena, wakagawanyika makundi mawili wakibishana kwa Kiswahili, jambo ambalo mwenyekiti alisema halijapata kutokea. Iliyopoteza ladha ni chapwa au dufu. Iliyoharibika chupani imechacha, kama tui lililolala. Nzito ni nzito, kama uji. Harufu njema ni riha.

Tulikwama kwenye ile isiyo na utamu. Bwana mmoja alitaka iitwe divai kavu, kwa kuwa ndivyo Waingereza wasemavyo. Nikamuuliza kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu? Nikapendekeza divai chungu, kwa mfano wa kahawa isiyotiwa sukari. Akasema uchungu ni wa shubiri na mwarobaini, na hii haina uchungu. Alikuwa na hoja. Mzee wa kilemba akaongeza kwamba katika ujana wa baba yake muratina, pombe ya asali na tunda la mwegea, ilikuwa ya wazee tu, ikaletwa penye mambo makubwa kama mahari, na wazee walikuwa na jina kwa kila hatua ya kuchacha kwake. Kikikuyu chake kilitiririka na nusu ya meza ikatoa kalamu.

Mtu mmoja aliniuliza, bila ubaya, yawaje asiyekunywa ndiye awe na maneno. Nikamuuliza kama amjua Abunuwasi. Wote walimjua, yule mjanja wa hadithi za shuleni. Ni wachache pwani na bara waambiwao kwamba Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, na kwamba Waarabu wamtaja kuwa bingwa wa mashairi ya divai. Mashairi yake yamesomwa karne baada ya karne na watu wasioonja tone, kwa sababu ya lugha. Sisi tulipompokea tulimwachia ujanja wake na kumvua bilauri.

Mwenyekiti asema karamu ijayo wataleta divai ya Dodoma, ambako zabibu zilianza kupandwa na wamisionari Wakatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950, na kwamba orodha ya vyakula itachapwa kwa Kiswahili. Nimempa maneno yote tuliyokubaliana. Limebaki moja: ile ladha ikaayo kinywani baada ya kumeza, ambayo waonjaji wa kahawa wa Ruiru nao huitafuta kabla ya kutema. Nimeuliza Lamu, nimeuliza Mvita, na majibu hayakuafikiana. Msomaji mwenye neno na aliandikie gazeti hili.