Duara la Nuru Kuzunguka Nyota: Tulipunguze Bila Kuidanganya Picha



Tulipowaonyesha wanaparokia picha ya Kilimia tuliyoipiga ufukweni, kusini mwa mji wa Tanga, mama mmoja alinyoosha kidole kwenye duara la nuru lililoizunguka nyota kubwa akauliza, "Frateri, hii ni kama ile ya watakatifu?" Tulicheka naye, lakini swali lake lilistahili jibu la kweli.

Duara hilo haliko angani. Mwanga wa nyota angavu ukiingia kwenye kamera, sehemu yake ndogo hurudishwa kutoka kioo kimoja hadi kingine, kisha hutua pembeni mwa nyota. Lenzi ya bei nafuu nayo hushindwa kukusanya rangi zote mahali pamoja, hivyo buluu na zambarau husambaa. Hapa pwani tunaongezewa unyevu wa bahari: umande ukitanda juu ya lenzi, kila nyota huvimba.

Kwa hiyo dawa ya kwanza huanza kabla ya kompyuta. Ondoa kichujio kisicho cha lazima, punguza kidogo tundu la lenzi, na kagua umande mara kwa mara.

Kwenye kompyuta tunatumia programu za bure: Siril, StarNet na GIMP. Kwanza, unganisha picha zote katika Siril na uongeze mwangaza kiasi. Pili, tumia StarNet kutenganisha nyota na anga, upate picha mbili. Mara nyingi duara hubaki kwenye picha ya anga, kwa kuwa programu hailihesabu kuwa nyota. Tatu, fungua picha hiyo katika GIMP, chagua eneo la duara, lainisha ukingo wa eneo hilo, kisha shusha mwangaza na rangi kidogo kidogo mpaka lifanane na anga ya jirani. Nne, rudisha nyota mahali pake. Usizidishe: ukibakiza shimo jeusi, umeondoa uongo mmoja na kuweka mwingine.

Mtihani uko kwenye Kilimia yenyewe. Nyota zake, zilizo umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, zimezungukwa kweli na vumbi linaloakisi mwanga wao wa buluu. Mara ya kwanza tulifuta vyote, duara na vumbi. Picha ilipendeza, lakini haikuwa tena ya Kilimia.

Tukajifunza kupima kwa Aldebaran, nyota ya rangi ya machungwa iliyo jirani, isiyo na wingu kama hilo. Ipige kwa lenzi ileile. Duara likitokea hapo pia, ni la kioo. Tena duara la kioo huwa mviringo mzuri, hali vumbi lina nyuzi zisizolingana.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kuwa ukweli ni akili kulingana na kitu kilivyo. Mhariri wa picha naye yuko chini ya kanuni hiyo.

Tulirudi kwa yule mama na picha mpya: duara limefifia, vumbi lipo. Tukamweleza kuwa vumbi lile halina mwanga wake. Linang'aa kwa mwanga wa nyota. Akajijibu mwenyewe, "Basi hilo ndilo la watakatifu."