Asilimia Tisini ya Nani?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kutoka Mkoani hadi Micheweni, hapa Pemba, kila baraza huwa na mtaalamu wake wa takwimu. Tuyapime wanayoyasema.

"Aliyeacha skuli akarisiti na kufaulu, skuli yake ya zamani hupata sifa."
Si kweli. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huwaandikisha watahiniwa wa kujitegemea katika vituo vya peke yao: namba ya mtahiniwa wa skuli huanza na S, ya kujitegemea huanza na P. Ufaulu wa makundi hayo hutangazwa mbalimbali.

Ni Marekani walikochanganya. Cheti mbadala cha sekondari cha GED, kilichoanza 1942 kwa askari waliokatishwa masomo na vita, kilihesabiwa pamoja na diploma ya kawaida ya sekondari katika baadhi ya takwimu. Mwaka 2010 wachumi James Heckman na Paul LaFontaine walionyesha kwamba mchanganyiko huo ulipandisha kiwango cha wahitimu na kuficha pengo kati ya Weusi na Weupe. Kanuni ya serikali kuu ya 2008 ilikuwa tayari imekitoa cheti hicho kwenye hesabu ya skuli.

"Basi asilimia zetu ni safi."
Hapana, na hapa pana uzito zaidi. Wao walizidisha wahitimu; sisi tunapunguza wanaohesabiwa. Ufaulu hupigwa kwa wenye matokeo, si kwa walioingia kidato cha kwanza. Kijana aliyekwenda dago na wavuvi, aliyezama kwenye karafuu asirudi, msichana aliyeolewa kidato cha tatu: hao hawahesabiwi waliofaulu wala waliofeli. Tuseme, kwa mfano tu, wameingia 100, wamefanya mtihani 60, wamefaulu 54. Skuli itajivunia asilimia 90. Kumi kati ya walioacha wakija kufaulu kwa kujitegemea, kijiji kina vijana 64 wenye vyeti na kina haki ya kushangilia, lakini skuli imebaki na 54 kati ya 100. Hesabu zote mbili ni halali, mradi kila moja iitwe kwa jina lake.

"Cheti cha kujitegemea ni hafifu."
Si kweli, ni mtihani wa kidato cha nne ule ule. Wengi huuchanganya na QT, Mtihani wa Maarifa, ambao ni wa ngazi ya kidato cha pili. Kufaulu QT humfungulia mtu mlango wa kujisajili kwa kidato cha nne. Cheti chenyewe bado.

"Orodha ya skuli bora imefutwa, kwa hiyo mashindano yamekwisha."
Kweli kwa nusu. Januari 2023 Kaimu Katibu Mtendaji wa NECTA, Athumani Amasi, alitangaza matokeo ya 2022 bila kutaja kumi bora. Lakini matokeo ya kila skuli bado yanasomeka mtandaoni, na watu hujipangia wenyewe. Mwalimu mkuu anayepimwa kwa waliofanya mtihani tu hapungukiwi kitu mwanafunzi dhaifu akitoweka kidato cha tatu. Pengine hata hupumua.