Upigaji Picha wa Majengo ya Kisasa Usiku na Nafasi ya Uhakiki Faafu: Mfano wa Jiji la Nairobi

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya anayelewa sifa, lakini inawahusu pia wanaozitoa. Mpigapicha chipukizi anayeonyesha kazi yake na kuambiwa "safi sana" huondoka amefurahi, ila hajui kilichoipa picha yake nguvu wala kilichoipunguzia. Anayeambiwa "haijakaa vizuri" naye huondoka amevunjika moyo bila kujua pa kuanzia marekebisho. Wote wawili wamenyimwa kitu kimoja, nacho ni uhakiki.

Makala haya yanaeleza namna majengo ya kisasa yanavyopigwa picha usiku, kwa kurejelea jiji la Nairobi, kisha yanaonyesha jinsi uhakiki wa picha hizo unavyoweza kumfaa aliyezipiga. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili tayari anazo zana za kazi hii. Mazoea ya kutazama fani na maudhui kwa pamoja, na ya kuthibitisha kila dai kwa ushahidi uliomo katika matini, yanaweza kuhamishwa kutoka kwenye shairi hadi kwenye picha.

Jengo Mchana na Jengo Usiku

Mchana jengo huangazwa na jua na anga. Usiku vyanzo vya mwanga huwa vingi na kila kimoja huwa na rangi yake: taa za sodiamu za barabarani hutoa mwanga wa rangi ya machungwa, taa za LED hutoa mweupe, na mabango ya biashara hutoa rangi yoyote iliyomfaa mwenye bango. Aidha, ukuta wa kioo ambao mchana huakisi anga na kuwaficha walio ndani, usiku hugeuka dirisha kwa sababu ndani kuna mwanga mwingi kuliko nje. Kwa hiyo, usiku hulionyesha jengo kwa namna ambayo mchana hauwezi.

Tofauti hii inadhihirika katika majengo mawili ya Nairobi. La kwanza ni Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, maarufu kama KICC, lililobuniwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na Mkenya David Mutiso, na kufunguliwa rasmi mwaka 1973. Mnara wake una ghorofa 28 na urefu wa mita 105, na kando yake pana ukumbi wenye paa la umbo la pia. La pili ni Britam Tower lililoko mtaa wa Upper Hill, lililokamilika mwaka 2017 na lenye kimo cha takriban mita 200. KICC ni jengo la zege. Kuta zake hupokea mwanga unaoelekezwa kwazo kutoka nje, na mbavu zake za wima hutupa vivuli vinavyolichora umbo lake. Jengo lililovikwa kioo, kwa upande mwingine, hutoa mwanga kutoka ndani. Mpigapicha asiyezingatia tofauti hii huyapiga majengo yote kwa namna moja, kisha hushangaa kwa nini picha moja imefaulu na nyingine imekufa.

Wakati na Vifaa

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba picha ya usiku hupigwa giza likishakuwa totoro. Wakati huo anga huwa jeusi, na ukingo wa jengo hupotea ndani yake. Wakati unaofaa zaidi ni ule wa utusitusi baada ya machweo, ambapo anga huwa la samawati iliyokolea na taa za majengo zimekwisha kuwaka. Kwa muda mfupi mwanga wa anga na ule wa taa hukaribiana kwa nguvu, na kamera huweza kuvipokea vyote viwili bila kupoteza kimoja.

Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni mwaka mzima, tena huzama likishuka karibu wima. Tokea machweo hadi jua linapofika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho huwa ni dakika 21 au 22 tu, ilhali jijini London mwezi Juni kipindi kama hicho huzidi dakika 40. Nafasi nzuri ya mpigapicha wa Nairobi huja kuelekea mwisho wa dakika hizo na kudumu kidogo baada yake. Anayefika machweo yakiwa yamekwisha na kuanza kutafuta mahali pa kusimama amekwisha kuchelewa.

Kwa kuwa mwanga ni haba, shata ya kamera hulazimika kukaa wazi kwa muda mrefu. Tundu la lenzi likiwa f/8 na kiwango cha ISO kikiwa 100, muda wa sekunde 8 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha picha ile ile hurudiwa kwa sekunde 4 na sekunde 16 ili kulinganisha. Hakuna mkono unaoweza kutulia kwa sekunde zote hizo, kwa hivyo tripodi, yaani kiweko cha miguu mitatu, ni ya lazima. Mwenye simu ya kisasa anaweza kutumia hali ya usiku, ambayo hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, lakini naye hana budi kuiegemeza simu kwenye ukuta au nguzo. Ni busara pia kutokwenda peke yake, na kuomba ruhusa kwa walinzi kabla ya kusimika vifaa.

Uhakiki wa Picha Moja

Mwalimu na mhakiki wa sanaa wa Marekani, Edmund Burke Feldman, alipendekeza hatua nne za kuhakiki kazi ya sanaa: maelezo, uchanganuzi, ufasiri na tathmini. Ubora wa utaratibu huu ni kwamba hukumu huja mwisho. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi amepiga picha ya KICC saa 2:00 usiku akiwa karibu na mnara, huku ameinua kamera juu ili kilele kiingie katika fremu.

Katika maelezo, mhakiki hutaja tu kinachoonekana: mnara uko katikati, paa la umbo la pia liko chini kulia, anga ni jeusi, bango linang'aa kushoto, na taa za chini zimekuwa madoa meupe. Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini humlazimisha mhakiki kuitazama picha iliyo mbele yake badala ya ile aliyotamani kuiona.

Katika uchanganuzi, uhusiano wa vitu hivyo hufafanuliwa. Jicho hukimbilia bango kwanza kwa sababu ndilo lenye mwanga mkali kupita vyote. Mistari ya wima ya mnara inakaribiana kuelekea juu, na jengo linaonekana kana kwamba linaanguka kinyumenyume, kwa kuwa kamera iliinuliwa. Katika ufasiri, mhakiki huuliza picha inasema nini. Huenda ilikusudiwa kuonyesha mvutano kati ya mnara mrefu na paa fupi lililo kando yake, lakini anga jeusi limekimeza kilele, na bango limekuwa mhusika mkuu badala ya jengo.

Ndipo tathmini hufuata, nayo hupima kazi kwa lengo la mwenyewe: "Kwa kuwa ulitaka mnara na paa vishindane, rudi wakati wa utusitusi ili ukingo wa kilele uonekane, simama mbali zaidi ili usilazimike kuinua kamera, sogea mpaka bango lifichwe na mnara, na upunguze muda wa shata kwa nusu." Maneno hayo si ya kusifu wala kukashifu. Ni maagizo ambayo mtu anaweza kuyatekeleza jioni ifuatayo.

Mhakiki makini hutofautisha pia kosa linalorekebishika kwenye kompyuta na lile linalodai safari ya pili. Mistari iliyoinama inaweza kunyooshwa, ingawa sehemu ya kingo za picha hukatwa. Vivuli vizito huweza kuangazwa kwa kiasi. Lakini taa iliyoungua na kuwa nyeupe tupu haina habari iliyobaki ya kuokolewa, na anga lililokwisha kuwa jeusi halirudishiki kuwa la samawati.

Wajibu wa Mwenye Picha

Uhakiki faafu huanza kwa mwenye picha mwenyewe. Anayeleta picha ishirini na kuuliza "mwaonaje?" hupata jibu jepesi kama swali lake. Anayeleta picha moja, akataja alichokusudia, saa aliyopiga na muda wa shata, kisha akauliza swali mahususi, huwapa wenzake pa kushika. Baada ya hapo hunyamaza na kuandika wanayosema, kwa maana picha inayohitaji kutetewa na mpigaji wake bado haijajisemea. Nyani haoni kundule, na aliyesimama saa nzima kwenye baridi akiisubiri picha huona ndani yake juhudi ambayo mtazamaji haioni.

Hata hivyo, si kila ushauri ni wa kufuatwa. Mhakiki akisema "mimi hupenda picha za rangi nyeusi na nyeupe," ametaja mapendeleo yake. Akisema "rangi ya machungwa ya taa za barabarani imeifunika rangi ya kahawia ya kuta," ametaja jambo linaloweza kuthibitishwa kwa kutazama. La kwanza husikilizwa kwa heshima na la pili hufanyiwa kazi.

Hitimisho

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuzungumzia taaluma za picha. Makala haya yameonyesha kwamba utusitusi, ukingo, mistari ya wima, kivuli na taa iliyoungua ni maneno yanayotosha kumwelekeza mpigapicha mahali pa kusimama na saa ya kufika. Kinachopungua ni ujasiri wa kuyatumia mbele ya kazi ya mwenzake, kwa uwazi na bila kejeli. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vilivyozoea kukaa pamoja kuhakiki shairi au hadithi fupi vinaweza kutenga kikao kimoja cha kuitundika picha ukutani na kuihakiki kwa utaratibu uo huo. Mwenye picha akitoka kikaoni na jambo moja la kwenda kulijaribu jioni inayofuata, kikao kitakuwa kimetimiza wajibu wake.